Chumba chenye Mlango wa Nje

Siku niliyoandika neno "simba" kwenye karatasi ya utafiti sijaisahau mpaka leo, mwanangu, ingawa mengine mengi ya miaka ile yamenitoka. Ilikuwa asubuhi, mtaani Umoja, Nairobi, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Mtaa wenyewe ulikuwa bado mpya. Miti ilikuwa haijapandwa, au ilipandwa na mbuzi wakaila, na vumbi la barabara ya Outer Ring lilitufuata mpaka vyumbani. Nilikuwa msichana, nimevaa gauni la kola nyeupe alilonishonea mama, nimeshika ubao wa kuandikia, nikijiona mtu mwenye shughuli kubwa mjini.

Nakusimulia haya kwa sababu ya swali lako la juzi. Ulisema mwalimu wako wa chuo amekurudishia pendekezo la utafiti na kuandika pembeni kwamba hujaeleza falsafa yako ni ipi. Ukaenda kusoma, ukakutana na hiyo wanayoiita konstraktivizimu, kwamba maana ya mambo haiko mahali fulani ikingoja kuokotwa, bali watu huijenga wenyewe, kwa maisha yao na kwa mazungumzo yao na wenzao. Ukaja ukaketi hapo ulipo sasa, ukaniuliza mimi bibi yako, "Susu, kama kila mtu anajijengea maana yake, mtafiti anatafuta nini?"

Nilicheka, lakini sikukucheka wewe. Nilicheka kwa sababu swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe kabla mama yako hajazaliwa, na nililiuliza kwa hasira. Jibu sikulipata kitabuni. Nililipata kwenye chumba kimoja cha mawe ambacho hata plasta kilikuwa hakijapigwa.

Sisi tulikuwa tukikaa mtaa wa Ziwani wakati huo. Baba alikuwa karani, na nilipomaliza kidato cha sita akanitafutia kazi huku na huku, mpaka nikapata kibarua cha kuhoji watu chini ya mama mmoja aliyefundisha chuo kikuu. Jina lake Tabitha, nasi tulimwita Mwalimu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti na mkali wa macho, mwenye miwani aliyoifunga kamba ikaning'inia kifuani. Kazi aliyopewa ilikuwa hii: nyumba za Umoja ziliuzwa zikiwa ndogo, na wenyewe walipoingia tu wakaanza kuziongeza. Huyu anaongeza chumba nyuma, yule anasogeza ukuta mbele, mwingine anafungua kiduka dirishani. Maafisa wa mipango ya mji walitaka kujua watu wanajenga kwa nini. Nadhani wengine walikwisha kuamua kwamba wenye nyumba wote wanataka wapangaji wa kuwalipa kodi, na walichotaka kwetu ni kuthibitishiwa tu, ili waweke kanuni ya kuzuia.

Basi tukapewa hojaji. Swali lililokuwa na uzito kuliko yote lilisema: chumba ulichoongeza ni cha nini? Chini yake kulikuwa na majibu ya kuchagua, nami nilikuwa nikiyasoma kwa sauti kama mtu asomaye somo kanisani. Kupangisha. Biashara. Watoto. Mengineyo. Mhojiwa akitaja moja, naweka alama, naenda mlango wa pili. Nilikuwa mwepesi sana. Jioni nikirudi Ziwani nilimweleza baba nimemaliza safu nzima ya nyumba, naye akifurahi.

Katika nyumba hizo kulikuwa na ya mtu mmoja aitwaye Wafula, mtu wa magharibi ya nchi, aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha blanketi. Nilimkuta asubuhi ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, lakini alinipokea vizuri na kunipa kiti. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba kipya, kuta za mawe, paa la mabati, mlango wake ukitazama nje kwenye kijia badala ya kutazama ndani kwenye ua. Nikamsomea swali na majibu yake. Akafikiri kidogo, akasema, "Weka hapo pa kupangisha." Nikaweka. Akanisindikiza mpaka kwenye kijia.

Siku chache baadaye nilirudi kupima urefu na upana wa chumba, kwa sababu hilo lilikuwa sharti kwa kila nyumba. Wafula alikuwa kazini. Nikamkuta mkewe, Rosa, mwanamke wa umri usiozidi wangu sana, mwepesi wa kucheka. Akanishikia ncha ya kamba ya kupimia, na tulipofika dirishani akaniambia kwa fahari kwamba hapo ndipo cherehani itakapokaa, mwanga unaingia vizuri, na wanawake wawili mtaani wameshamwahidi kazi ya sare za shule. Nilishangaa. Nikamuuliza kama chumba si cha kupangisha. Akaniambia, "Aliyekwambia hivyo ni nani?" Nikanyamaza, kwa sababu tulikatazwa kumwambia mtu alichosema mwenzake.

Sasa kwenye kizingiti cha ule mlango wa nje alikuwa ameketi mama yake Wafula, anachambua maharagwe kwenye ungo. Wenyewe walimwita Kukhu, yaani bibi kwa kwao. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alinitazama nikipima, akanitazama tena, kisha akapiga ukuta kwa kiganja na kusema, "Hii simba."

Nikadhani sikusikia. Nikamwomba arudie.

"Simba," akasema. "Simba ya Barasa."

Nikamgeukia Rosa. Rosa akaangalia pembeni na kusema, "Mwache tu, ni mama huyo." Basi mimi kwenye nafasi ile ya mengineyo nikaandika "simba," nikaweka alama ya kuuliza, nikaenda zangu. Nikiwa njiani nilimhurumia yule bibi. Nilijua moyoni kwamba akili yake imeanza kumtoka.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kuzipitia karatasi zetu mbele yetu. Alipofika kwenye ile ya Wafula alisimama. Nikamweleza kwamba nyumba ile ina matatizo: baba anasema chumba ni cha kupangisha, mama anasema ni cha kushonea, na bibi anasema kuna simba. Nikamwomba aniambie niweke alama wapi, kwa sababu ni wazi kwamba kati ya hao kuna waongo. Mwalimu akavua miwani ikaning'inia.

"Nani amekuambia kuna mwongo?" akaniuliza.

Nikasema chumba ni kimoja, hakiwezi kuwa vitu vitatu.

"Na huyu bibi, ulimuuliza simba ni nini?"

Nikamjibu kwamba ni mzee sana, na nadhani mawazo yamemtawanyika.

"Hujui kama yametawanyika," akasema. Hakupaza sauti, lakini kila neno alilitoa peke yake. "Unachojua ni kwamba amekupa neno, nawe hulijui. Badala ya kuliuliza, umemwona yeye ndiye mgonjwa."

Niliona aibu, mwanangu. Lakini ndani ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kilichonikera zaidi. Nilitaka kujua. Mpaka hapo nilikuwa nikikusanya majibu tu, na sikuwa nimetamani kujua chochote. Mimi niliyekulia Ziwani, ambako tulimwita baba mbuyu na watoto wa mtaa wa pili wakamwita jina lingine kabisa, nilijua vizuri kwamba neno likivuka barabara linabadilika. Nililijua mchezoni, nikalisahau nilipopewa ubao wa kuandikia.

Mwalimu akaniambia nirudi Umoja, na niache ubao nyumbani. "Usiende na swali langu," akasema. "Kaa nao. Ukishindwa kabisa, waulize chumba kilianzaje."

Nikarudi. Nilimkuta Kukhu pale pale kizingitini, ila leo pembeni yake kulikuwa na kikapu kimefungwa kamba na leso imekunjwa juu yake. Nikaketi chini, nikachukua maharagwe kiganjani, nikaanza kuchambua naye. Halafu nikamuuliza simba ni nini.

Alinieleza taratibu, Kiswahili kikikwama anaomba msaada wa mikono. Kwao kijana wa kiume akishakuwa mkubwa halali tena nyumbani kwa mama yake. Ni aibu kwa wote wawili. Hujengewa nyumba yake ndogo pembeni ya boma, yenye mlango wake mwenyewe, na nyumba hiyo ndiyo esimba. Mtu akiwa na esimba ana kwao. Anaweza kuzurura ulimwengu mzima, lakini pana mlango ambao akifika habishi, anaufungua. Barasa alikuwa mwanawe wa mwisho, mdogo wake Wafula. Alikuja Nairobi kutafuta kazi akafikia hapo kwa kaka yake, akawa analala sebuleni. Siku moja ndugu hao walikosana, maneno yakawa makubwa, Barasa akachukua koti lake akaondoka. Tangu hapo hakuna barua wala salamu. Na muda si mrefu baada ya kuondoka kwake, Wafula akaanza kujenga.

"Mimi nikaona mlango uko nje," Kukhu akasema. "Nikajua. Huyu anajengea ndugu yake."

Nikamuuliza kama Wafula alimwambia hivyo. Akatikisa kichwa. Hakuwahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuuliza. Alikuja kutoka nyumbani akakaa, akangoja chumba kiishe na mtoto arudi. Sasa amesikia kwamba Jumamosi anaingia mtu mwingine, mwenzake Wafula wa kiwandani. Kwa hiyo amefunga kikapu. Hawezi kukaa kumtazama mgeni akilala katika nyumba ya mwanawe. Akiondoka, akasema, hatarudi tena katika nyumba ya Wafula, akiwa hai.

Wafula alikuwa amelala ndani baada ya zamu, nikamngoja mpaka akaamka. Aliponiona bila ubao akacheka, akauliza kama nimefukuzwa kazi. Nikamuuliza tu, kwa upole, ni lini hasa aliamua kupangisha chumba.

Jibu lake ndilo limefanya nikukalishe hapa leo.

"Si ni siku ile ulipokuja?" akasema. "Mimi nilikuwa sijaamua kitu. Wewe ukanisomea: kupangisha, biashara, watoto. Nikajiuliza, kumbe watu wanapangisha. Hata serikali inajua. La kwanza ndilo likanikaa. Nilipofika kazini nikamwambia mwenzangu, akasema anakuja."

Mwanangu, nilikuwa nimekwenda pale nikiamini kwamba jibu liko ndani ya Wafula kama ufunguo mfukoni, na kazi yangu ni kumwomba autoe. Kumbe hapakuwa na jibu. Tulilitengeneza sisi wawili, mimi na yeye, pale sebuleni, na vifaa vingi nilivileta mimi. Halafu jibu hilo likatoka likaenda kiwandani, likarudi na mpangaji, na sasa lilikuwa linamtoa mama wa watu nyumbani.

Nikamuuliza lile swali la Mwalimu, chumba kilianzaje. Akasugua viganja vyake vilivyokuwa na sugu za mawe. Akasema alianza wiki ile ile ambayo mdogo wake aliondoka. Alikuwa na hasira, hakuweza kukaa bure, mikono ilitaka kazi. "Sijui nilikuwa najenga nini," akasema. "Nilikuwa najenga tu." Nikamuuliza kwa nini mlango akauweka nje. Aliinuka akaenda kunawa uso, na nikaona ni wakati wa kuondoka.

Nilimwendea Mwalimu siku iyo hiyo, nikamsimulia yote. Nilitarajia atanifariji, au anigombeze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitembea mpaka dirishani, akasema kwamba hayo majibu ya kuchagua aliyaandika yeye, katika chumba chenye zulia, kabla hajafika Umoja hata mara moja. Akaomba twende pamoja.

Sasa angalia alivyofanya, kwa sababu hili pia ni la kujifunza. Hakuingia na kuwatangazia watu siri za wenzao. Alizungumza na kila mmoja peke yake, akamweleza kwamba kila mtu nyumbani humo ana maelezo yake kuhusu chumba, na akamuuliza kama anaridhia ya kwake yasomwe mbele ya wengine, na kama kuna neno angependa liondolewe. Wafula alikubali. Kukhu alikubali kabla swali halijaisha. Aliyesita ni Rosa. Alinivuta kando akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Akasema ile habari ya cherehani ilikuwa kweli, alikuwa akiiota, lakini hakuwa amemwambia mtu. Aliisema siku ile kwa sababu aliniona mimi, msichana mwenzake, nimevaa kola nyeupe, nina kazi na kalamu, akaona haya kuwa yeye ni mama wa nyumbani tu. Akataka na mimi nimwone mtu. Nikamwambia nimemwona. Akacheka, akafuta macho, akasema soma.

Tukakaa ndani ya chumba chenyewe, juu ya vigoda na debe lililopinduliwa, mlango wa nje ukiwa wazi. Nikasoma niliyoandika, polepole, na Wafula akimtafsiria mama yake. Alipofika kwenye maneno ya mama yake mwenyewe kuhusu esimba, alikosea akaanza upya. Halafu akaacha kutafsiri, akamwambia mama yake jambo fupi kwa lugha yao, na yule bibi akainamisha kichwa. Sikuelewa neno hata moja. Mwalimu alinizuia mkono nilipotaka kuuliza.

Baadaye Rosa alinieleza. Wafula alisema, "Mama, nilimwambia nyumba hii ni yangu, aende." Na Kukhu akamjibu, "Najua. Ndiyo maana ulimjengea yake."

Je, ni kweli alimjengea? Wafula mwenyewe alikuwa amesema hajui alichokuwa akijenga. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Nadhani mpaka saa ile chumba kilikuwa mawe na mabati na mawazo ya watu watatu ambao hawajayaweka pamoja. Siku ile waliyaweka, na chumba kikawa kitu ambacho hakikuwa jana yake. Wafula hakuugundua ukweli uliokuwa umefichwa moyoni mwake, na mama yake hakumdanganya pia. Walipata maana ambayo wote wangeweza kuishi nayo, na mikono iliyoweka mlango ule nje iliikubali.

Yule mwenzake wa kiwandani aliambiwa atafute mahali pengine, akakasirika kidogo, akapata. Cherehani ya Rosa ikaingia ikakaa karibu na dirisha, kwa makubaliano kwamba siku Barasa, mwenye chumba, akirudi itahamia sebuleni. Kukhu akafungua kikapu.

Mwalimu alipopeleka ripoti yake kulikuwa na mkutano, nami nilikwenda kushika karatasi. Bwana mmoja pale mezani aliisoma habari ya nyumba ile, bila jina lao, akasema hizi ni hadithi, yeye alitaka kujua sababu. Mwalimu akamjibu kwa utulivu.

"Ukuta nimeupima," akasema. "Urefu wake uko hapo, na hauna mjadala. Ukianguka utamwangukia kila mtu, aamini lolote. Lakini mliniuliza watu wanajenga kwa nini. Hilo sikuliona kwenye kuta. Nililipata kwao, na pamoja nao, na nimeandika pia mkono wetu ulifanya nini humo."

Bwana yule hakuridhika. Ripoti ilipokelewa na kuwekwa, na sijui kama kuna kanuni iliyobadilika kwa ajili yake. Sitaki kukudanganya kwamba utafiti mzuri hushinda kila mara. Watu wa Umoja waliendelea kujenga, kama unavyoona mwenyewe ukipita, na kila ghorofa lina habari zake.

Na Barasa? Alirudi. Haikuwa haraka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza masomo ya chuo, na Rosa ndiye aliyenishonea magauni, kwa hiyo habari nilizipata kwake. Alikuwa amekaa mashineni adhuhuri moja, akaona kivuli kimesimama mlangoni pa nje bila kubisha. Akainua macho akamwona kijana aliyekonda, ameshika koti mkononi, anaangalia kijia kama mtu aliyepotea. Alikuja kumtafuta kaka yake, akaukuta mlango asioujua, akaogopa. Rosa akamwambia, "Usibishe. Hapa ni kwako." Kukhu alikuwa ndani ya nyumba kubwa. Rosa anasema hakumwita. Alizima mashine tu, na kwa kimya kile mama akatoka.

Barasa hakukaa sana. Alipata kazi Thika akahamia huko, akaoa, na watu wengine wakaishi katika chumba kile baada yake, wapangaji wa kweli, mmoja baada ya mwingine. Lakini nilipomtembelea Rosa miaka mingi baadaye, Kukhu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilimsikia mtoto wa mpangaji akimwambia mwenzake twende tukacheze kwa Barasa. Nikamuuliza Barasa ni nani. Hakujua. Akaniambia ni jina la chumba.

Basi, mwanangu, nimekuchosha, na hujapata sentensi ya kuandika kwenye pendekezo lako. Nitakwambia ninavyoielewa mimi falsafa hiyo, halafu wewe uiandike kwa Kiswahili chenu cha chuo.

Ukienda kwa watu usidhani majibu yamekaa mifukoni mwao yakikungoja. Mengine yatazaliwa saa ile unayouliza, na wewe utakuwa mmoja wa wazazi wake. Kwa hiyo andika ulivaa nini, ulitoka wapi, uliuliza kwa maneno gani, na uliyatunga ukiwa wapi. Hizo si takataka za pembeni, ni sehemu ya ulichokipata. Ukikuta watu wa nyumba moja wanasema tofauti, usiharakishe kumtafuta mwongo. Waongo wapo, sikatai, na utawakuta. Lakini kwanza uliza kila mmoja anasimama wapi anapokitazama kitu hicho. Ukisikia neno usilolijua, lisikutie haraka ya kumhukumu aliyelisema. Kaa chini hapo hapo, kwa sababu pengine ndilo ulilotumwa kulitafuta. Ukishaandika, warudishie wenyewe, kwa ruhusa ya kila mmoja, wakwambie kama wanajitambua humo. Na yule ambaye kila mtu anakwambia umwache tu, huyo ndiye ukakae naye kwanza.

Uliniuliza mtafiti anatafuta nini. Anatafuta kuelewa jinsi watu wanavyoyafanya maisha yao yawe na maana, na anakiri kwamba hata yeye amo. Kinachopimika kipime, na ukipime vizuri, wala usimruhusu mtu akuambie kwamba kila kitu ni maoni. Lakini usikubali pia kwamba kilichopimwa ndicho chote kilichopo. Ukiniuliza kama hilo ni gumu, ni gumu. Linachukua muda, na walimu wengine watakuambia ni hadithi. Wajibu kwa adabu, uendelee.

Sasa inuka uende, usije ukachelewa kufika mtaani Tassia. Mungu wa wazazi wangu akufungulie milango ya watu, na ukishaingia akupe utulivu wa kukaa. Akulinde na majivuno ya kujua kabla ya kuuliza. Maneno utakayopewa yawe salama mikononi mwako, na waliokupa wasijute kamwe kwamba siku moja uliketi nao. Amina, mwanangu. Amina.